Kabla ya kuwasha Hadolint kwenye mradi: mambo ya kuzingatia

Kusakinisha Hadolint ni kazi ya dakika chache. Unapakua faili moja la programu, unaliweka kwenye PATH (folda ambamo mashine hutafuta programu), unaandika `hadolint Dockerfile`, umemaliza. Ugumu unaanza pale maonyo yanapojaa skrini nzima na kila mtu kwenye timu ana maoni yake kuhusu lipi ni la maana na lipi ni kelele tu. Mjadala huo ufanyike kabla chombo hakijapewa mamlaka ya kuzuia kazi ya mtu. Timu nyingi hufanya kinyume: wanaiwasha kwenye CI (mfumo unaojenga na kukagua kiotomatiki kila badiliko la msimbo) Jumatatu asubuhi, kufikia Ijumaa imeshazimwa kwa sababu kuna toleo lilitakiwa kwenda kwa wateja likakwamishwa na onyo ambalo hakuna aliyelielewa.

Kwa asiyeifahamu: Hadolint ni kikaguzi cha Dockerfile, yaani faili la maelekezo ambayo Docker huyafuata kujenga imeji (kifurushi cha programu na mahitaji yake, kinachoendeshwa kama kontena). Kimeandikwa kwa lugha ya Haskell. Kinasoma faili, kinalichambua amri kwa amri, kisha kinalipima kwa kanuni zenye namba zinazoanza na DL. Ndani yake kimebeba ShellCheck, kikaguzi cha maandishi ya sheli, ndiyo maana utakutana pia na namba zinazoanza na SC. Hizo zinahusu amri za sheli ulizoandika ndani ya RUN, maelekezo yanayoendeshwa wakati imeji inajengwa. Hakijengi imeji wala hakiangalii kilichomo ndani ya imeji iliyokwisha kujengwa.

Anza kwa kujua una Dockerfile ngapi. Swali linaonekana la kitoto, lakini kwenye repo (hifadhi ya msimbo) iliyodumu miaka kadhaa utakuta `Dockerfile.dev`, `Dockerfile.prod`, nyingine imejificha kwenye folda ya majaribio, na moja ya mtu aliyeacha kazi zamani. Zipitishe zote kwenye Hadolint bila kuzuia chochote (kuna chaguo la `--no-fail` kwa ajili hiyo), uhifadhi matokeo kwa muundo wa JSON, halafu uhesabu kila kanuni imevunjwa mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo ajenda ya kikao chenu.

Kwenye kikao, kuna kanuni ambazo sioni sababu ya kuzijadili kwa muda mrefu. DL4006 ndiyo ya kwanza. Tazama mstari huu:

`RUN curl -fsSL https://example.com/sakinisha.sh | bash`

Ikitokea seva ya upande wa pili imelala, `curl` itashindwa na kurudisha kosa. Lakini sheli huhukumu mnyororo mzima kwa amri ya mwisho, na amri ya mwisho ni `bash`, ambayo imepokea maandishi matupu, haikuona cha kufanya, ikatoka na sifuri. Hatua inapita kijani. Imeji inajengwa, inasukumwa, na programu uliyodhani imesakinishwa haimo. Utakuja kuijua habari hiyo siku kontena litakapoanguka kwenye seva. Dawa ni kuweka `SHELL ["/bin/bash", "-o", "pipefail", "-c"]` juu ya RUN hiyo. Kwenye Alpine, Linux ndogo ambako bash haimo kwa kawaida, tumia `/bin/ash` na `-eo pipefail`. Onyo hili moja tu linatosha kuhalalisha chombo kizima.

DL3025 nayo inataka CMD na ENTRYPOINT, zinazotaja programu ya kuanzishwa kontena linapowashwa, ziandikwe kwa mabano ya mraba, yaani `CMD ["node", "server.js"]`. Ukiandika bila mabano, Docker inaipitisha amri yako kwenye `/bin/sh -c`, na sheli hiyo inaweza kukaa katikati ikazuia ishara ya kusimama isifike kwenye programu. Kontena linaloagizwa lizime linasubiri sekunde 10 za kawaida za `docker stop`, kisha linauawa kwa nguvu, pamoja na maombi ya wateja lililokuwa linayashughulikia. DL3007, inayokataza lebo ya `latest`, na DL3002, inayotaka mtumiaji wa mwisho asiwe root (mwenye mamlaka yote), nazo sizioni kuwa na utata, ingawa ya pili huhitaji siku chache za kurekebisha ruhusa za mafaili.

Sasa tuje kwenye DL3008, maana hapa ndipo timu zinapogombana. Kanuni hii inakutaka utaje toleo kamili la kila kifurushi unachosakinisha kwa `apt-get`, kisakinishi cha vifurushi cha Debian. Kwenye karatasi ni wazo safi: imeji ya leo na ya mwezi ujao ziwe sawasawa. Mtu mtiifu anaandika `curl=7.88.1-10+deb12u5`, onyo linatoweka, kila mtu anafurahi. Kisha Debian wanatoa marekebisho ya usalama, kifurushi kinakuwa `deb12u6`, na lile toleo la zamani linaondolewa kwenye hifadhi ya kawaida. Ujenzi unaofuata unagoma na ujumbe kwamba toleo hilo halikupatikana, na hakuna mtu aliyegusa msimbo. Mbaya zaidi, kama ujenzi bado unatumia tabaka la zamani lililohifadhiwa kwenye akiba, utaendelea kupita kwa wiki kadhaa huku ukiwa na curl yenye tundu ambalo Debian wameshaliziba.

Njia za kutoka zipo. Unaweza kulegeza kwa kuandika `curl=7.88.1*`, na Hadolint inaridhika. Unaweza kuelekeza apt kwenye snapshot.debian.org, ambako matoleo ya zamani huhifadhiwa, ukikubali kwamba marekebisho ya usalama hayatakuja mpaka ubadilishe tarehe mwenyewe. Binafsi nazima DL3008, na ndugu yake DL3018 ya `apk` kwa Alpine, kisha nafunga imeji ya msingi kwa alama yake ya sha256, inayotambulisha imeji hiyo moja tu, na kujenga upya kila wiki bila akiba. Lakini DL3013, inayodai matoleo kwa `pip`, naiacha iwake. PyPI, hifadhi ya vifurushi vya Python, haina desturi ya kuondoa toleo la jana kwa sababu tu la leo limetoka, kwa hiyo kule kutaja toleo hakukuadhibu. Kanuni zinafanana kwa sura. Tofauti iko kwenye tabia ya hifadhi iliyo nyuma yake. Timu yenu inaweza kuamua vingine, mradi iamue kwa kujua hilo.

Maamuzi hayo yaandikeni kwenye `.hadolint.yaml`, kwenye mzizi wa repo, na kila kanuni iliyozimwa iwe na mstari wa maelezo juu yake unaosema kwa nini. Msamaha wa mahali pamoja tu unaandikwa ndani ya Dockerfile yenyewe, juu ya amri husika: `# hadolint ignore=DL3003`. Huo pia usiachwe bila sababu, la sivyo baada ya miezi sita mtu atanakili kipande hicho kwenye mradi mwingine pamoja na msamaha wake.

Kizingiti nacho kinataka uangalifu. Hadolint ina ngazi nne za uzito: kosa, onyo, taarifa na mtindo. Usipoigusa, inarudisha hali ya kushindwa kuanzia ngazi ya taarifa, kwa hiyo hata kidokezo kwamba una RUN mbili zinazofuatana kinaangusha ujenzi. Wengi hukimbilia kuweka `failure-threshold: error` ili wapumue. Sawa, ila DL4006, DL3025 na DL3002 zote ziko kwenye ngazi ya onyo, na kwa kizingiti hicho zinapita bila kuguswa, huku DL4000, inayolalamikia MAINTAINER iliyopitwa na wakati, ikizuia kazi. Suluhisho ni sehemu ya `override` kwenye faili lilelile: pandisheni DL4006 na wenzake wawe makosa, shusheni msizozijali. Chombo kinachopiga kelele kwa kila kitu huishia kama king'ora cha gari kinacholia usiku mtaani, hakuna anayefungua dirisha.

Baada ya hapo ndipo mfikirie mahali pa kukiweka. Kwenye kihariri, kiendelezi cha VS Code na ALE ya Vim vyote huiita programu ya Hadolint iliyomo kwenye mashine yako. Kama haimo, hakuna mstari wa kukuonya utakaouona na unaweza kudhani faili lako ni safi. Jaribu kwa makusudi: andika `FROM debian:latest` uone kama inapigiwa mstari. Kwa ukaguzi wa kabla ya kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye Git), chombo cha pre-commit kinakupa njia mbili, programu yenyewe au imeji ya Docker. Mwenye kutumia bando la simu ataishukuru timu ikichagua programu yenyewe. Na ukichagua imeji, kumbuka kwamba ukiipa Dockerfile kwa njia ya `docker run --rm -i hadolint/hadolint < Dockerfile`, kontena hilo halioni `.hadolint.yaml` yako mpaka uipachike ndani kwa `-v`. Kanuni mlizokubaliana kuzizima zitarudi zote, na mtu ataapa kwamba faili la mipangilio halifanyi kazi.

Ukaguzi wa kwenye mashine ya mtu ni hisani. Asiyeendesha `pre-commit install` hana ukaguzi, na anayejua chaguo la Git la `--no-verify` anaupita akitaka. Kwa hiyo lango la kweli ni CI, na lazima litumie toleo lilelile la Hadolint lililoko kwenye vihariri, lenye namba kamili. Kutumia `hadolint/hadolint:latest` kwenye CI ili kukataza `latest` kwa wengine ni kichekesho ambacho nimekiona zaidi ya mahali pamoja.

Angalieni pia `docker build --check`, iliyokuja na Buildx, kiendelezi cha Docker cha kujenga imeji, mwaka 2024. Haichukui nafasi ya Hadolint kwani haina ShellCheck, lakini inatambua siri zilizoandikwa kwenye ARG au ENV (sehemu za kuweka vigezo), na haihitaji kusakinisha kitu kipya kwa mwenye Docker ya karibuni. Tundu za usalama ndani ya vifurushi ni kazi ya vyombo vingine kama Trivy. Msiahidi uongozi kwamba Hadolint itazikamata.

Mwisho, mpeni mtu mmoja jukumu la kupandisha toleo. Toleo jipya huweza kuja na kanuni mpya, na kanuni mpya ikitua kwenye tawi kuu bila taarifa inaangusha ujenzi wa watu ambao hawajagusa Dockerfile hata herufi moja. Apandishe kwenye tawi la pembeni, aendeshe ukaguzi kwenye mafaili yote, asahihishe yaliyojitokeza humohumo, ndipo aombe kuunganishwa.