Jinsi ya kubishania Twin Peaks bila kutoana ngeu

Twin Peaks ni tamthilia ya Marekani ya David Lynch na Mark Frost, kuhusu mauaji ya msichana Laura Palmer katika mji mdogo. Kwanza kabisa, hakikisheni wote mmeanza na faili moja. Sisi tuliumia hapo. Kijana anayetujazia muvi kwenye flashi alituwekea sehemu ya kwanza ile iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, iliyobandikwa mwisho wake ili isimame kama filamu kamili. Mhalifu anapatikana, anapigwa risasi, kwisha habari. Shemeji akatafuta kandambili zake mlangoni. "Ndiyo hii mnayoisifia miaka yote?" Ilinichukua wiki nzima kumrudisha sebuleni. Ile iliyorushwa Marekani na kituo cha ABC tarehe 8 Aprili 1990 haina mwisho huo, inakuacha unaning'inia. Basi shikeni mpangilio huu: sizoni mbili za mwanzo, jumla sehemu 30, kisha filamu ya Fire Walk with Me ya 1992, ndipo sizoni ya tatu ya 2017, sehemu 18. Kuna watu hutanguliza filamu eti kwa sababu inasimulia siku za mwisho za Laura Palmer. Usithubutu. Inakutajia muuaji wakati hata watu wa mji wenyewe hujawazoea.

Pili, nunua kauntabuku. Langu nimelipigia mistari kwa rula, safu tatu: dakika, nilichokiona, ninachodhani. Sheria ya nyumba yetu ni moja: haruhusiwi mtu kujaza safu ya tatu kama ya pili iko tupu. Mume wangu alicheka, akasema nimefungua shule. Lakini hii tamthilia yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Katika sehemu ya kwanza wakala wa FBI Dale Cooper, ambaye ndiye stelingi, anatazama video ya Laura na rafiki yake wakicheza matembezini. Anasimamisha picha, anasogea kwenye jicho la Laura, na humo ndani ya jicho kuna pikipiki inaonekana. Hapo akajua mtu aliyekuwa nao siku ile alikuja na pikipiki. Mtazamaji wa 1990 aliyekuwa na deki nyumbani angeona hivyo na asiiguse rimoti? Walirekodi, wakarudisha nyuma, wakasimamisha, wakabishana mpaka asubuhi. Sisi tunafanya yaleyale, tofauti ni kwamba kanda zetu haziliwi na deki.

Sasa njoo kwenye bundi. Jitu refu linamwambia Cooper kwamba bundi sivyo wanavyoonekana. Mama mkwe, aliyekuwa anapita tu na birika, akakaa kitini. Kwake hilo halikuhitaji mjadala: bundi akilia juu ya bati, pana msiba. Akatupa nadharia nzima, kila bundi na maiti yake. Tulimheshimu, tukamfungulia ukurasa wake, tukahesabu kwa Jumamosi mbili. Hesabu ikakataa. Wako bundi wanaotua mtini, wanageuza shingo, na hakuna aliyezikwa. Hofu ya bundi tumekuja nayo sisi kutoka nyumbani. Hailazimiki kuwa na kazi katika ule msitu wa jimbo la Washington. Ukiona nadharia yako inasimama vizuri hata televisheni ikiwa imezimwa, ishuku.

Kile chumba chekundu cha ndotoni, ambamo watu huongea kwa sauti ya ajabu, nacho huwapotezea watu muda bure. Wengi hukigeuza sauti wakitafuta ujumbe uliofichwa. Hakuna siri hapo: waigizaji walifundishwa kutamka maneno kinyumenyume, kisha picha na sauti vikageuzwa. Ukigeuza tena, utamsikia mwigizaji anahangaika na Kiingereza cha nyuma mbele. Tulijaribu kwa simu. Mume wangu alifanya mazoezi ya "karibu chai" kuanzia mwisho, nikamrekodi, nikageuza. Ilitoka kama mtu anayekaribisha wageni kutoka chini ya kisima. Mama mkwe akatuomba tusirudie usiku.

Hata kile ulichokiona kwa macho yako, usikimbilie kuapa kwamba kilipangwa. Mfano wangu wa siku zote ni Bob, yule pepo mbaya wa tamthilia. Frank Silva hakuajiriwa kuigiza. Alikuwa mpangaji wa vifaa vya seti, anasogeza samani chumbani kwa Laura. David Lynch akamwona mle, akapata wazo, akampiga picha amechuchumaa miguuni pa kitanda bila kujua ataitumia wapi. Baadaye, katika tukio la mama yake Laura, ikagundulika kioo kimemnasa Silva kwa bahati mbaya. Mwongozaji mwingine angerudia kupiga. Lynch akaiacha, na yule mbeba samani akawa adui anayetisha kuliko wote. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba Lynch na Mark Frost walishajua kila kitu tangu siku ya kwanza, mpe kikombe cha chai umwoneshe kile kioo. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nikipandisha sauti.

Mwenye nadharia iliyodumu nyumbani kwetu ni shemeji, ambaye ni fundi umeme. Wakati sisi tunafuata nyuso, yeye alikuwa anasikiliza waya. "Sikia hiyo transfoma," anasema, na kweli, kuna mvumo. Katika filamu kuna nguzo ya umeme yenye namba 6. Sizoni ya tatu nguzo hiyo inarudi. Na Cooper mwenyewe anarudi duniani kupitia soketi ya ukutani. Safu yake ya pili imejaa kurasa nne, ya tatu ameandika neno moja: "Wanasafiria."

Asiyefika sehemu ya 18 aishie hapa. Tuliitazama Jumamosi ya mvua. Cooper amesimama barabarani usiku mbele ya nyumba ya kina Palmer, anauliza huu ni mwaka gani. Mwanamke aliye naye anapiga ukelele, taa za nyumba zinazimika kwa mpigo, kioo cha televisheni kinakuwa cheusi. Sebuleni kimya. Shemeji akainuka bila kusema neno, akaenda kuangalia mita ya LUKU. Akarudi.

"Yuniti zipo," akasema, akaomba kalamu.