Picha za ndege wahamiaji wa Mida: anza na maji, lenzi baadaye

Watu wengi hunipigia simu kuniuliza wanunue lenzi gani ili wapige ndege wa Mida. Nami huwauliza kwanza: bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ni lini? Asiyejua, hata umpe lenzi ya bei ya gari, atarudi na vidoa vyeusi juu ya tope.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Malindi. Jumamosi ni za maharusi. Jumapili, maji yakikubali, ni za ndege. Ninayoyaandika hapa ni ya hori la Mida, kusini kidogo ya Watamu, lakini yatakufaa popote pwani penye tope na mikoko.

Mpangilio wa siku ni huu. Maji yakipwa, tope lote liko wazi na ndege wametawanyika, wengine mbali kiasi cha kutowatambua. Maji yakijaa kabisa, wanabanana kwenye mafungu ya mchanga na pembeni mwa mikoko, wamelala kwa mguu mmoja. Saa yako ni katikati: kama saa mbili kabla ya maji kujaa, tope linapozidi kuwa dogo na ndege wanarudi nyuma wakila haraka haraka. Wewe tangulia, ukae mahali wanapokuja. Usiwafuate.

Kwa pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, kisha kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Ndani ya hori huchelewa zaidi, maana maji yote yanapita mlango mmoja tu wa bahari. Kwa hiyo siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu ndizo zangu: maji yanajaa jua likiwa limeshapoa. Siku za maji mafu, ambapo maji hujaa asubuhi ya jua kali na hayawasukumi ndege mbali, mimi hubaki studio. Waulize wavuvi, au tazama majedwali ya maji kwenye simu. Wavuvi wa Dabaso huwa sahihi zaidi kuhusu hori lao.

Msimu ni Septemba hadi Aprili. Mgeni anayewaleta watu Mida ni mla-kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama amepewa kwa makosa. Hutotoa kwenye fukwe za Somalia, Bahari ya Shamu, Omani na Ghuba, tena ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, yai moja jeupe. Kisha anashuka kwetu na kinda wake, na kinda huyo, mkubwa karibu sawa na mzazi, kichwa kimechafuka kijivu, bado anamkimbilia mama akilialia apewe kaa. Hiyo ndiyo picha ninayokushauri uisubiri. Mzazi anapokimbia hatua chache, akasimama ghafla, akadonoa, geuza lenzi haraka kwa kinda. Ndiye anayekuja mbio.

Vitwitwi, ndege wadogo wa topeni, usiwadharau kwa udogo wao. Yupo mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, anayezaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia. Kaskazi nzima ni kijivu, hata wageni humpita bila kumtazama. Mwezi wa Aprili, kabla ya kuondoka, kifua chake kinaiva rangi ya tofali. Mwaka 2024 aliwekwa katika daraja la ndege walio hatarini kwenye orodha ya kimataifa, kwa sababu idadi yake inashuka. Kila Aprili anakula kwa bidii ili apate mafuta ya safari. Kumrusha mara tano kwa ajili ya picha moja ni kumwaga akiba yake ya njiani.

Sasa kamera. Lenzi ya milimita 400 inatosha. 300 pia, ukiwa mvumilivu. Ndege akitembea, kasi ya shata 1/1000. Akiruka, 1/2000 au zaidi. Fokasi iweke ya kufuatilia, na nukta yake iwe juu ya jicho. Mwangaza ndio unaowashinda wengi: kamera ikiona tope jeusi inaongeza mwanga, na manyoya meupe ya mla-kaa yanaungua, hayana tena hata mstari mmoja. Ni kama shela la bi harusi aliyesimama mchana mbele ya ukuta mweusi. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwangaza kwenye kamera) hadi stopu moja, kisha tazama histogramu, yaani grafu ya mwangaza, isigonge ukuta wa kulia. Weusi utauinua baadaye kwenye kompyuta. Weupe ulioungua haurudi.

Kisha lala chini. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inaonyesha mgongo wa ndege na tope. Iliyopigwa usawa wa jicho lake inaonyesha ndege. Mimi hubeba kipande cha turubai na sinia la pilau: mfuko mdogo wa mchele unakaa juu ya sinia, lenzi juu ya mfuko, na sinia linateleza topeni bila kuzama. Vaa nguo za rangi ya udongo na viatu vilivyofungwa vizuri, maana tope la mikoko linavua makubadhi.

Huna lenzi ndefu? Weka simu kwenye jicho la darubini na utapata picha ya kutosha kumtambua ndege, na mara nyingine zaidi ya hapo.

Umbali haupimwi kwa mita, unapimwa kwa ndege mwenyewe. Akiacha kula na kuinua shingo, ameshakuona, simama. Wakianza kutembea wote upande mmoja, rudi nyuma. Wakinyoosha mabawa, umechelewa. Kundi lililolala maji yakiwa juu usilisogelee kabisa, kwa sababu hapo ndipo pahali pakavu palipobaki na hawana pa kwenda. Droni acha nyumbani. Na yule rafiki anayepiga makofi ili warukie kwenye picha yako, mwambie akapige makofi harusini.

Ukimwona ndege ana pete mguuni, ya chuma au za rangi, piga mguu kwanza, uzuri baadaye. Andika rangi kwa mpangilio, juu hadi chini, mguu wa kushoto na wa kulia, tarehe na mahali, kisha upeleke kwa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lililo hapo Watamu, au Makumbusho ya Taifa Nairobi. Hivyo ndivyo safari za ndege zinavyojulikana.

Ingia kupitia daraja la mbao la jamii hapo Mida na ulipe kiingilio. Fedha hizo huingia kwenye mpango wa ASSETS, ulioanza 2001, unaolipia karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Chukua na mwongoza wageni wa pale. Anajua fungu lipi linafunikwa mwisho. Mzazi ambaye karo ya mwanawe inatoka kwa ndege kama sululu na vitwitwi hahitaji mhadhara wa kumwambia kwa nini mikoko isikatwe.

Picha zenyewe zisiishie kwa wapenzi wa ndege wenzako, ambao tayari wamekubali. Chapisha chache kwa ukubwa wa A4, zipigwe plastiki, uzipeleke shuleni na kwenye banda la samaki, ambako wachimba chambo na wavuvi hukaa wakisubiri maji. Wao wako topeni kila siku kuliko mimi. Wakati mzuri ni Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Chini ya kila picha andika ndege anatoka wapi, anafika mwezi gani na anakula nini, kwa Kiswahili, na Kigiriama kama unakiweza. Jina la mpiga picha liwe dogo, pembeni.