Klipu za mipira ya rejeta: jinsi ya kuchagua ile isiyovuja alfajiri

Mama mmoja aliniletea Toyota IST yake mara tatu na neno lilelile: "Fundi, hili gari linakunywa maji." Nikiliwasha likapata moto, chini pakavu. Nikapima presha ya mfumo injini ikiwa ya moto, hola, sindano imetulia. Mara ya tatu nikamwomba, "Mama, liache lilale hapa gereji." Alfajiri nikainama na tochi kabla sijaligusa gari. Tone la maji ya waridi lilikuwa linaning'inia kwenye mpira wa chini wa rejeta. Klipu yake mpya kabisa, inang'aa, imekazwa mpaka mpira umetokeza kwenye matundu kama nyama ya kusaga inavyotoka kwenye mashine.

Gari lilikuwa linavuja likiwa baridi tu. Na aliyesababisha ni fundi aliyekaza sana, si aliyelegeza.

Wengi wetu tukisikia klipu tunawaza kukaza. Lakini mpira wa rejeta huvimba injini ikipata moto na hunywea ikipoa. Klipu ya skrubu haisogei hata kidogo. Mpira ukivimba ndani yake hubanwa kupita kiasi, na baada ya miezi hubonyea pale ulipobanwa na haurudi tena. Usiku gari likipoa, mpira unanywea, klipu imebaki palepale, na kanafasi kembamba kanafunguka. Asubuhi maji yanachuruzika. Ukiwasha, mpira unavimba tena na kuziba. Ndiyo maana fundi mchana haoni kitu na mwenye gari anaonekana mwongo.

Hatua ya 1: Iangalie klipu iliyopo kabla hujaitupa

Toyota nyingi zinazoshuka bandarini hapa kutoka Japani huja na klipu za springi: ukanda mpana wa chuma wenye masikio mawili, unayabana kwa plaizi nao unafunguka. Hazina skrubu. Nilipokuwa najifunza kazi tulizitupa zote kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Zinasumbua kutoa, zimejificha chini ya feni, na kwa macho yetu klipu isiyo na skrubu haikuwa klipu. Niseme wazi, tulikuwa tunatupa kifaa kizuri na kuweka kibaya zaidi. Klipu ya springi huufuata mpira: ukivimba inatanuka, ukinywea inarudi. Haihitaji kukazwa upya na haimpi fundi mwenye nguvu nafasi ya kuharibu.

Ya zamani ipime hivi. Ibane kwa plaizi kisha iachie taratibu. Irudi kwa nguvu, siyo kwa uvivu. Ikiwa kutu imeshailamba hadi kuna vishimo, au iliwahi kutanuliwa kupita kiasi ikabaki pana, basi hiyo imekwisha. Ikiwa nzima, na mpira mpya una unene uleule wa mpira wa kiwandani, irudishe ileile. Vaa miwani. Ikichomoka kwenye plaizi inaruka kama jiwe la manati.

Shida huja mpira wa dukani ukiwa mnene au mwembamba kuliko wa asili, jambo la kila siku kwenye spea za bei nafuu. Springi ina saizi moja tu na haikubali mazungumzo. Hapo ndipo tunahamia kwenye skrubu, na hatua zinazofuata zinakuhusu.

Hatua ya 2: Pima nje ya mpira, ukiwa umevaa shingo

Kosa ninaloliona kila wiki: mtu anapima shingo ya rejeta (lile bomba fupi linaloingia ndani ya mpira), au anaushika mpira mkononi ukiwa mtupu, kisha anakwenda dukani kuomba "klipu ya inchi moja na nusu". Klipu haikai juu ya shingo, inakaa juu ya mpira ambao tayari umetanuliwa na shingo. Kwa hiyo vesha mpira kwenye shingo kwanza, halafu pima kipenyo cha nje.

Kama huna vernia, kile kipimio cha taya cha kupimia kipenyo, chukua uzi. Uzungushe mara moja pale klipu itakapokaa, tia alama, unyooshe kwenye rula, ugawe kwa 3.14. Uzi ukitoa milimita 119, kipenyo chako ni karibu 38.

Sasa soma ukanda wa klipu. Umepigwa chapa ya namba mbili, kwa mfano 25-40, 30-45 au 32-50. Hizo ni milimita, kipenyo kidogo na kikubwa ambacho klipu hiyo inaweza kushika. Kipimo chako kiangukie katikati. Kwa mpira wa milimita 38, 25-40 inaingia, lakini iko ukingoni: meno machache tu ndiyo yameshika ukanda. 32-50 nayo inaingia, ila itabaki na mkia mrefu unaochomoza na kukuchana mkono, na ukanda mrefu ukikunjwa sana hauwi duara kamili, unakuwa yai. 30-45 ndiyo yenyewe. Mipira midogo ya hita ambayo nje ni kama milimita 23 huwa naivalisha 16-27.

Duara ndilo siri ya kazi hii. Klipu kubwa iliyokazwa hadi mwisho hubana pande mbili na kulegea chini ya kichwa cha skrubu, na maji hutokea hapohapo chini ya kichwa. Ukikuta alama ya maji yaliyokauka mahali hapo, usihangaike kukaza. Badilisha saizi.

Hatua ya 3: Chagua ukanda na chuma

Weka klipu mbili za skrubu mkononi, ya bei ya chini na ya bei ya juu. Ya kwanza ukanda wake umetobolewa moja kwa moja, matundu yanapita upande wa pili. Ya pili ukanda umegongwa meno kwa nje tu, na kwa ndani ni laini ukiupitisha kidole, kingo zake zimekunjwa kidogo kwenda juu. Ile ya matundu huula mpira. Kwenye mipira ya rejeta chukua yenye ndani laini, na kwenye mipira ya silikoni usijaribu kabisa ya matundu, kwa kuwa silikoni ni laini na itakatika.

Upana nao una maana. Zipo za milimita 9 na za milimita 12. Kwa mipira ya hita 9 inatosha. Kwa mipira mikubwa ya juu na chini ya rejeta napenda 12, kwa sababu nguvu inagawanyika kwenye eneo kubwa zaidi.

Kuhusu chuma, nyingi zenye ubora huandikwa W na namba. W1 ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. W2 ukanda haushiki kutu ila skrubu ni ya chuma cha zinki. W4 yote haishiki kutu, ukanda, kichwa na skrubu. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja chumvi ya bahari haituachi: W1 ninayofunga leo, baada ya masika mawili kichwa cha skrubu kimeshaoza na kukitoa ni kwa msumeno. Ukiwa Dodoma au Nakuru W2 itakutosha. Pitia na sumaku ndogo unaponunua. Ikinata kwa nguvu kwenye skrubu ya klipu unayoambiwa ni W4, rudisha hela yako mfukoni.

Nyingine kwa haraka. Klipu ya waya miwili inakata mpira, iache. Klipu ya boliti na nati ni ya mabomba ya turbo na malori, inabana kwa nguvu kubwa mno kwa shingo ya plastiki. Klipu ya sikio linalobanwa mara moja ni nzuri kwenye vifuko vya grisi vya shafti za magurudumu, siyo hapa. Na waya wa kufungia nondo, pamoja na ile mipira ya tyubu ya baiskeli, ni ya kukufikisha gereji tu. Nimeona gari limepanda mlima wa Kitonga likiwa na waya wa nondo. Lilifika juu. Halikufika Iringa.

Hatua ya 4: Andaa shingo

Injini iwe baridi kabisa, na hapa sitanii. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ni presha ya bar ambayo mfumo unashikilia juu ya hewa ya kawaida. Maji yaliyobanwa hivyo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka ghafla na yale maji yanageuka mvuke usoni kwako.

Mpira ukigoma kutoka usiupindue kwa bisibisi dhidi ya shingo ya plastiki. Uchane kwa urefu kwa kisu, mpira ni wa bei rahisi kuliko rejeta. Shingo za alumini, kama ile ya thamostati (vali inayofungulia maji injini ikipata moto), mara nyingi zina unga mweupe mgumu wa kutu. Uondoe kwa msasa laini hadi ukipitisha kucha isikwame popote. Unga huo ukibaki, hakuna klipu duniani itakayoziba.

Ili mpira uteleze kwenye shingo tumia maji ya sabuni au kulanti yenyewe, yale maji ya rangi ya rejeta. Grisi na oili marufuku: mipira hii huvimba na kulainika ikiguswa na mafuta, na baadaye huteleza na kuchomoka.

Hatua ya 5: Ikalishe mahali pake

Shingo ina kivimbe kama pete karibu na mdomo. Klipu ikae nyuma ya kivimbe hicho, upande wa rejeta, na ibakize milimita 3 hadi 6 kutoka ncha ya mpira. Ikikaa juu ya kivimbe itateleza siku moja. Kama mpira wa zamani una alama ya klipu ya kiwandani na bado unautumia, ifuate alama hiyohiyo.

Elekeza kichwa cha skrubu mahali ambapo soketi itafika bila kufungua kitu kingine, na mkia wake uwe mbali na feni, mkanda na mipira mingine.

Kaza kwa soketi, siyo bisibisi. Klipu nyingi za Ulaya zina kichwa cha namba 7, yaani milimita 7. Bisibisi huteleza, na ikiteleza inatoboa vipezi vya rejeta. Ninayo rejeta moja ukutani kwangu ya kuwaonyesha vijana. Nguvu inayotakiwa ni karibu Nm 3 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa ukanda wa 9 na Nm 5 kwa ukanda wa 12. Mkononi hiyo ni kidogo kuliko unavyodhani: shika soketi kwa mpini wa bisibisi, kaza hadi mpira uanze kupanda kidogo tu pembeni mwa ukanda, simama. Ukiuona unatokeza kwenye ukanda, umeshapita. Matangi ya rejeta za siku hizi ni ya plastiki, na shingo yake ikipata ufa mdogo hutaugundua mpaka uko barabarani.

Mpira wa chini uupe macho ya ziada. Huko pampu inavuta. Klipu iliyolegea upande huo inaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone, na gari likachemsha huku rejeta ikionekana imejaa. Ukikuta povu kwenye tangi la akiba na chini ni pakavu, anza na klipu hiyo kabla hujamtisha mwenye gari kwa habari za gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake.

Hatua ya 6: Jaza, pasha, lalisha

Jaza kulanti taratibu, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, injini ikizunguka hadi thamostati ifunguke na mpira wa juu uwe wa moto. Mapovu yakiisha, ongeza, funga kifuniko, zunguka nalo mtaani robo saa.

Liache lipoe usiku kucha. Weka kipande cha boksi kikavu chini ya rejeta. Asubuhi, kabla ya kuwasha, gusa kila klipu kwa soketi: ya skrubu ikikubali robo mzunguko, ipe robo hiyo, si zaidi. Kisha tazama boksi. La yule mama lilikuwa kavu, na klipu niliyorudisha ilikuwa ya springi, niliyoitoa kwenye gari jingine la aina yake.