Kupaka Jeli ya Kujengea Kucha Nyumbani

Jeli ya kujengea kucha, ambayo mafundi wengi wa saluni huiita bilda, ni nzito kuliko rangi ya jeli ya kawaida, na uzito huo ndio unaoiwezesha kuushikilia ukucha laini unaokatika kila unapoanza kurefuka. Haikauki kwa hewa, bali hugandishwa na mwanga wa taa ya UV au LED. Anayeanza achague ile inayolainika kwa asetoni, kwa sababu aina ngumu huondolewa kwa tupa tu, na kazi hiyo inahitaji mkono uliozoea.

Jeli mbichi haipaswi kugusa ngozi hata kidogo. Ndani yake mna kemikali za jamii ya akrilati, mojawapo ikiwa HEMA, ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kuleta mzio usiokwisha: vidole huwasha, huvimba na kupasuka, na kwa kuwa baadhi ya vifaa vya kuzibia meno ni vya jamii hiyo hiyo, usumbufu unaweza kumfuata mtu hadi kwa daktari wa meno. Kwa kanuni ya mwaka 2020, Umoja wa Ulaya ulielekeza kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na wataalamu pekee. Soma lebo, na tumia taa inayopendekezwa na mtengenezaji wa jeli yenyewe, maana taa isiyolingana nayo inaweza kugandisha juu na kuacha chini kubichi, nawe usijue.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kama jeli itakaa wiki tatu au itabanduka siku ya pili. Usiloweke mikono kwenye maji kabla ya kazi, kwa kuwa ukucha hunywa maji na kutanuka, kisha ukikauka hujikunja chini ya jeli na kuiachia. Sukuma taratibu ngozi ya shinani kwa kijiti, kisha kwangua ule utando mwembamba unaong'ang'ania juu ya ukucha. Hata chembe yake ikibaki, jeli itaanza kunyanyukia hapo. Pitisha tupa laini ya namba 180 kwa wepesi, kiasi cha kuondoa mng'ao tu, futa vumbi kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, na baada ya hapo usiguse kucha. Paka jeli ya msingi, nyembamba, uigandishe.

Sasa paka tabaka jembamba la bilda bila kuligandisha, kisha juu yake weka tone moja kubwa, katikati ya ukucha. Livute polepole kwa ncha ya brashi, brashi ikielea juu ya jeli bila kugandamiza, ukiacha uzi wa nafasi kati ya jeli na ngozi pande zote. Geuza kiganja kitazame juu kwa sekunde chache ili jeli ikusanyike katikati. Ukiutazama ukucha kwa ubavu, mwinuko uwe pale ukucha unapoachana na nyama ya kidole, kwa sababu hapo ndipo kucha nyingi hukatikia. Tazama pia mstari wa mwanga wa balbu juu ya jeli: ukinyooka, uso ni sawa, ukipinda, pana bonde. Ikimwagikia ngozini, ifute kwa kijiti kabla ya kuingiza mkono kwenye taa. Dole gumba lifanyiwe peke yake, vinginevyo litalala upande na jeli itatiririka.

Jeli hutoa joto inapoganda. Ukihisi kuungua, toa mkono, subiri kidogo, urudishe. Tabaka nene ndilo huchoma zaidi, na ukucha uliosuguliwa kupita kiasi huumia hata kwa tabaka jembamba. Umeme ukikatika katikati, futa jeli mbichi kwa spiriti uanze upya baadaye, wala usiitegee jua la dirishani, kwani litaigandisha kwa mabaka. Kwa sababu hiyo hiyo, chupa na brashi zikae mbali na dirisha.

Ikishaganda, futa utando unaonata, rekebisha umbo kwa tupa huku umevaa barakoa, kisha paka jeli ya kumalizia. Anayeswali azingatie kwamba tabaka hili halipitishi maji, ilhali udhu unataka maji yaufikie ukucha. Siku za hedhi, ambazo mwanamke haswali, ni chache mno kwa kitu cha wiki tatu, na hapo hina, isiyozuia maji, bado haina mpinzani.

Wakati wa kuondoa, punguza unene kwa tupa, funga pamba yenye asetoni kwa karatasi ya foili dakika 10 hadi 15, kisha sukuma kilicholainika. Usiibandue kwa nguvu, kwa maana hutoka na tabaka la ukucha wenyewe. Ukikuta doa la kijani chini yake, bakteria wameingia kupitia sehemu iliyonyanyuka: usipake tena juu yake, bali muone daktari wa ngozi.