Anza na Mwanga, Kamera Baadaye

Ukiniuliza uboreshe nini kwanza kwenye vifaa vya kupigia picha chini ya maji, nitakwambia flashi. Kamera uliyonayo iache kwanza. Maji humeza rangi nyekundu mapema mno: ukifika mita 5 hivi imeshafifia sana, na samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Flashi ndiyo inayoirudisha. Ifunge kwenye mkono mrefu, ikae pembeni na nyuma kidogo ya lenzi, la sivyo itamulika chembechembe zinazoelea na picha itajaa vidoadoa vyeupe.

Baada ya hapo, lenzi pana, na mbele yake kioo cha kuba (kilichobinuka kama nusu tufe) kwenye kasha linaloikinga kamera na maji. Kioo bapa hupunguza upana wa picha; kuba huurudisha, nawe unaweza kuyasogelea matumbawe na bado yakaenea yote. Kadiri maji yanavyopungua kati yenu, ndivyo picha inavyokuwa safi.

Mpira wa kuziba kasha mimi huupitishia kidole kabla ya kila mbizi, maana unywele mmoja tu waweza kuingiza maji. Paka grisi kidogo, ung'ae tu. Kasha jipya lizamishe kwanza likiwa tupu, bila kamera, utazame kama linatoa viputo.