Utafiti wako usiishie kabatini

Sikia, ukishakuwa profesa au mkuu wa idara usidhani ukichapisha tu basi manesi watabadilika kesho asubuhi, haiendi hivyo. James Lind, daktari wa meli wa Uingereza, aliwapa mabaharia wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) machungwa na malimau 1747 wakapata nafuu, jeshi la majini la Uingereza likaja kuagiza maji ya limau 1795, hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Kwa hiyo anza na wodi. Kaa pale zamu ya usiku uone nesi anatembea umbali gani kufuata glavu, maana mara nyingi shida sio kutojua, ni kabati liko mbali. Halafu fupisha: Peter Pronovost, daktari aliyekuwa hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, alichukua miongozo mirefu ya kuzuia maambukizi ya katheta (mirija inayoingizwa mwilini) za mishipa mikubwa ya damu akabakiza mambo 5 tu, kunawa mikono likiwemo, na nesi akaruhusiwa kumsimamisha daktari anayeruka hatua (hapo ndo penye kazi, wakubwa hawapendi kusimamishwa). Hospitali za jimbo la Michigan wakajaribu, matokeo yakachapishwa 2006, maambukizi yalishuka sana.

Pima kabla na baada, bandika namba ukutani kila mwezi. Na ukimpandisha mtu cheo, hesabu kazi yake ya wodini pia, sio pepa tu.