Kukabidhiana zamu bila lawama
Kwenye viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, ugomvi wa timu huanzia pale zamu zinapobadilishana. Wasimamizi wawili wanaongea pembeni, wakata minofu hawasikii kitu, samaki wakilainika kila zamu inainyooshea nyingine kidole. Acheni zamu mbili ziwe kazini pamoja kwa dakika 15, mkabidhiane palepale mezani: shehena ipi imeingia saa ngapi, barafu imebaki kiasi gani, joto la samaki (lisiachane sana na nyuzi 0), mashine ipi ina hitilafu. Anayepokea apime joto mwenyewe ndipo asaini daftari. Akisaini kwa kusikia tu, daftari halina kazi. Na kila siku mkata minofu mmoja azungumze, kwa kupokezana. Wao ndio wanaomshika samaki.